Mlima Umeushuka, Sukari Bado Inashuka

Mgonjwa mmoja wa kliniki yetu ya kisukari hapa Nairobi alitembea vilima vya Ngong Jumamosi, vilele vyote saba hadi Kona Baridi, na sukari yake ikatulia njia nzima. Jioni akala nyama choma na wenzake Kiserian, akanywa bia mbili, akaenda kulala. Saa tisa usiku mkewe akaamshwa na shuka lililolowa jasho. Mume alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka. Alipompima, mashine ilisoma 2.4 mmol/L, sukari ya chini mno.

Mimi ni muuguzi wa kisukari. Nikiulizwa namna ya kujiandaa kwa safari ya mlimani, naanza na usiku huo, kwa sababu wengi huacha kujihadhari wanaposhuka na kurudi getini. Misuli ina akiba yake ya sukari. Ukiitumia kutwa, usiku inajijaza upya kwa kuvuta sukari ya kwenye damu, na kazi hiyo yaweza kuendelea hata saa 24. Pombe nayo hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, na nyama bila ugali haina wanga wa kukushikilia hadi asubuhi.

Haya yanawahusu hasa wanaodunga insulini au wanaomeza vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari namna hiyo. Kwa hiyo soma pakiti yako, kisha umwone daktari siku kadhaa kabla ya safari mzungumze kuhusu dozi. Usijipunguzie mwenyewe asubuhi ya safari.

Asubuhi hiyo, pima. Ukiwa chini ya 5, kula kwanza. Ukiwa juu ya 14 na unajisikia vibaya, au unatapika, ahirisha safari upimwe ketoni, yaani asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua mno. Insulini idunge tumboni, si pajani: paja linalopanda mlima huinyonya haraka mno.

Ngong ina mtego wake. Upepo wa kule juu unakutetemesha, mwinuko unakutoa jasho, moyo unakwenda mbio, na hizo ndizo dalili zilezile za sukari kushuka. Usikisie. Kaa chini upime, na mashine iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huifanya ikatae kusoma. Ukiwa chini ya 4, kunywa vijiko vitatu vya chai vya glukosi kwenye maji, au soda ya kawaida kama mililita 150, upumzike dakika 15, upime tena. Mandazi na chokoleti havifai hapo, mafuta yake huchelewesha sukari. Glukosi iwe mfukoni mwako wewe, si kwenye begi la rafiki aliyetangulia.

Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea, na miguu uikague jioni, hadi katikati ya vidole. Insulini usiiache ndani ya gari juani.

Kabla ya kulala pima tena. Ukiwa chini ya 7, kula kitu chenye wanga, kisha weka kengele ya saa tisa. Anayelala nawe ajue: ukishindwa kumeza, asikumiminie chochote mdomoni. Akulaze ubavu, akupeleke hospitali mara moja. Yule mama sasa huweka glukosi na mashine kando ya kitanda kila Jumamosi ya Ngong, na kengele ikilia, yeye ndiye anayeshika kidole cha mumewe.