Kunguru, bata na marisau ya mfukoni

Wawindaji wa Marekani wameambiana kwa miaka mingi: kunguru si ndege wa majini, kwa hiyo unapovizia bata unaweza kubeba marisau (vitone vidogo vinavyofyatuliwa na bunduki) machache ya madini ya risasi kwa ajili yake. Si kweli. Tangu 1991, sheria ya shirikisho inahesabu hata kilichomo mfukoni. Ukiwa katika kuwinda bata au bukini, kuwa tu na marisau ya madini ya risasi ni kosa, hata kama bunduki imejaa ya chuma. Sababu ni matope: marisau huangukia humo, na bata huyaokota pamoja na changarawe za kusagia chakula, yakamlisha sumu. Kunguru, msimu wake ukiwa wazi, mpige. Chuma kinamtosha kabisa. Anayewinda kunguru peke yao ana uhuru zaidi, ila si California, jimbo lililozuia madini ya risasi katika uwindaji wote 2019.