Hali fiche, VPN na vidakuzi: dhana potofu kuhusu kufuatiliwa mtandaoni

Wengi wanaojali faragha yao wameshachukua hatua fulani: wamefuta historia, wamezoea dirisha fiche (Incognito), wamepakua VPN ya bure, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine. Mbili za kwanza husafisha simu iliyo mkononi tu, ilhali kumbukumbu za ufuatiliaji zimekaa kwenye seva za kampuni za matangazo. Humo ndimo zinamozaliwa dhana potofu nyingi.

Dhana: Nikiwa kwenye hali fiche, hakuna anayeniona

Hali fiche ina kazi moja. Ukifunga vichupo vyake vyote, kivinjari kinafuta historia, vidakuzi (vijifaili ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari ili ikukumbuke) na ulichojaza kwenye fomu. Inakukinga na mtu atakayeshika simu hiyo baada yako, basi. Kampuni yako ya simu bado inaona unaunganishwa na tovuti ipi, mwenye Wi-Fi ya ofisini anaona, na tovuti yenyewe inaona anwani yako ya IP, yaani namba ya muunganisho wako wa mtandao. Ukiingia kwenye akaunti yako humo ndani, umejitambulisha mwenyewe.

Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya data za watu waliokuwa wakiperuzi kwa hali fiche. Mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kurekebisha maelezo yanayotokea unapofungua dirisha hilo.

Kosa la kawaida ni kuacha kichupo fiche wazi siku nzima. Kwenye vivinjari kama Chrome na Firefox, vichupo fiche vyote vinatumia vidakuzi vilevile mpaka cha mwisho kifungwe, kwa hiyo ulichofanya asubuhi kinaunganishwa na cha jioni.

Dhana: Vidakuzi vyote ni vya kupeleleza

Vidakuzi vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa Netscape ili tovuti iweze kukumbuka mambo kama vitu vilivyomo kwenye kikapu cha mnunuzi. Bila hivyo ungeombwa nenosiri kila ukigeuza ukurasa. Vya kuogopa ni vidakuzi vya washirika wengine. Unafungua habari kwenye tovuti ya gazeti. Ukurasa huo unaita picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa macho, kutoka seva ya kampuni ya matangazo. Kampuni inakupa namba. Kesho unafungua duka la viatu lenye pikseli ya kampuni ileile, namba inasomwa tena, na safari zako mbili zinaunganishwa.

Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kilizuia vidakuzi hivyo vyote mwaka 2020. Firefox, kuanzia 2022, inaweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye hifadhi yake peke yake. Chrome iliahidi mwaka 2020 kuviondoa, ikaahirisha mara kadhaa, na Aprili 2025 ikatangaza kwamba itaendelea na utaratibu uliopo. Mwenye Chrome basi azuie mwenyewe: gusa nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha vidakuzi vya washirika wengine, uchague kuzuia. Baadaye ukikuta ukurasa wa malipo au video iliyopachikwa imegoma, usifungulie tovuti zote. Gusa alama iliyo kushoto mwa anwani na uruhusu tovuti hiyo moja.

Dhana: Nikifuta vidakuzi, wananipoteza

Hapa ndipo watu hawapewi maelezo ya kutosha. Kivinjari chako kina alama zake hata kikiwa hakina kidakuzi hata kimoja: toleo lake, ukubwa wa skrini, majira ya saa, lugha, fonti, aina ya chipu ya michoro. Kila alama peke yake ni ya watu wengi. Zikikusanywa pamoja, mara nyingi zinabaki za mtu mmoja. Mwaka 2010 EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za watumiaji wa mtandao, lilipima vivinjari zaidi ya 470,000, na asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko usiofanana na kingine chochote kwenye sampuli hiyo.

Mbinu mojawapo iko hivi. Tovuti inakiamuru kivinjari kichore maandishi na maumbo mahali pasipoonekana. Kwa sababu chipu, programu yake na fonti hutofautiana, pikseli chache kwenye kingo za herufi hutoka na rangi tofauti kidogo. Mchoro unageuzwa kuwa namba, na namba hiyo inabaki ileile hata ukifuta kila kitu. Lugha nayo inachangia: kivinjari kilichowekwa Kiswahili kinaitangazia kila tovuti lugha hiyo, na kwenye tovuti za nje watumiaji kama hao ni wachache. Hilo lisikufanye uache Kiswahili. Tatizo ni la wanaokusanya.

Kivinjari cha Tor Browser kinapambana na jambo hili kwa kuwafanya watumiaji wake wote waonekane sawa kwa tovuti. Ukiona pembezoni mwa ukurasa pana ukanda mtupu, si hitilafu: eneo la ukurasa linawekwa kwenye vipimo vya makundi ili ukubwa wa skrini yako usijulikane. Usiongeze viendelezi (programu ndogo za kuongezwa kwenye kivinjari) humo, maana kila kimoja kinakutenga na wenzako. Kivinjari kingine, Brave, kinavuruga majibu kidogo ili namba isibaki ileile kutoka tovuti moja hadi nyingine. Ukitaka kujua kivinjari chako kimesimama wapi, EFF ina kipimo cha bure kiitwacho Cover Your Tracks.

Dhana: VPN inazuia kufuatiliwa

VPN inabadilisha anwani ya IP inayoonwa na tovuti, na inaificha trafiki yako isionwe na kampuni ya simu. Vidakuzi na alama za kivinjari vinapita humohumo ndani kama kawaida. Na yule uliyekuwa ukimkimbia nafasi yake inashikwa na mwenye VPN. Mwaka 2013 Facebook iliinunua kampuni ya Onavo, yenye VPN ya bure, na kupitia hiyo ikawa inajua watu wanatumia programu zipi. Mwaka 2018 Facebook iliiondoa kwenye duka la Apple baada ya Apple kusema inakiuka kanuni zake. Walioko Tanzania wajue pia kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN wajisajili.

Dhana: Programu za simu haziwezi kujua ninachofanya kwenye kivinjari

Juni 2025 watafiti wa taasisi ya IMDEA Networks na vyuo vikuu vya Radboud na KU Leuven walionyesha kinyume chake kwenye Android. Programu za Facebook na Instagram zilikuwa zikisikiliza kwenye mlango wa ndani wa simu, anwani 127.0.0.1, ambayo simu huitumia kuwasiliana na yenyewe. Ukifungua tovuti yenye pikseli ya Meta, kampuni mama ya Facebook na Instagram, kipande cha programu kwenye ukurasa kilituma kidakuzi kiitwacho _fbp kwenye mlango huo, na programu inayoijua akaunti yako ikakipokea. Hali fiche haikusaidia, wala kufuta vidakuzi. Meta iliacha siku utafiti ulipotangazwa. Kampuni ya Urusi ya Yandex ilikuwa na njia ya aina hiyo tangu 2017. Programu unayoweza kuitumia kupitia kivinjari, iondoe kwenye simu.

Dhana: Alama ya kufuli ni dhamana

Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamesimbwa. Tapeli naye analipata bure, na pikseli za matangazo zinapita humo bila shida. Chrome ililiondoa kwenye upau wa anwani mwaka 2023.

Dhana: Viendelezi vikiwa vingi, ulinzi unaongezeka

Kiendelezi kinaweza kusoma kila ukurasa unaofungua. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, dola milioni 16.5 kwa kuuza data za kuperuzi zilizokusanywa kupitia viendelezi na programu zake za usalama. Weka kimoja kinachofanya kazi: uBlock Origin, kinachozuia matangazo na vifuatiliaji. Kwenye simu ya Android pakua Firefox, fungua menyu ya viendelezi, kisongeze, halafu kwenye mipangilio ya ulinzi dhidi ya ufuatiliaji chagua Strict. Chrome ya Android haipokei viendelezi, na kwenye kompyuta Chrome imezima uBlock Origin kamili, imebaki uBlock Origin Lite yenye uwezo mdogo. Kwa anayenunua bando kwa MB kuna faida ya papo hapo: matangazo na vifuatiliaji vilivyozuiwa havipakuliwi kabisa.