Maana ya fadhila katika familia ya Kikristo

Katika mazungumzo ya kila siku, fadhila ni hisani: mtu amekusaidia, nawe unabaki na deni la kumlipa wema wake. Usipomlipa, atasema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Katika mafundisho ya Kanisa, neno hilohilo hubeba maana nyingine iliyo pana zaidi. Fadhila ni tabia njema iliyokwisha kuota mizizi ndani ya mtu, kiasi kwamba hutenda mema kwa uthabiti na wepesi, awe na hamu ya kuyatenda siku hiyo au asiwe nayo. Hisani ni tendo, na likishatendwa limekwisha. Fadhila hubaki ndani ya mtu na kuzaa matendo mengine. Nimeona inafaa kuanzia hapa kwa sababu familia nyingi zinazotaka kuishi Kikristo hukwama papo hapo, zikidhani kwamba kutendeana hisani ndiko kuwa na fadhila.

Mapokeo ya Kanisa Katoliki hutaja fadhila tatu za kimungu, yaani imani, matumaini na mapendo, na nne za kiutu ambazo nyingine huzizunguka: busara, haki, nguvu (yaani uthabiti wa moyo) na kiasi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia mashuhuri wa Kanisa, alizifafanua kwa kirefu katika karne ya 13, lakini zile nne zilikuwa zimekwisha kutajwa pamoja katika kitabu cha Hekima, kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti hupenda zaidi kuzungumzia tunda la Roho lililoandikwa katika Wagalatia 5:22-23, ambalo hutajwa kwa sifa tisa, kuanzia upendo hadi kiasi. Pande zote mbili hukubaliana kwamba mtu hajitengenezei utakatifu kwa nguvu zake mwenyewe, bali hupokea neema ya Mungu, na neema hiyo humtaka aitikie kwa kutenda.

Mahali pa kwanza pa kuitikia ni nyumbani, na ni mahali pagumu. Ugenini tunaweza kuwa wapole kwa saa mbili tatu kisha tukaondoka. Nyumbani hakuna wa kumficha uchovu, na watu wanaotuudhi ni walewale, kwa mambo yaleyale, mwaka baada ya mwaka. Chukua asubuhi ambayo kila mtu amechelewa, na mtoto amegonga kikombe, maziwa yakatiririka mezani hadi kwenye karatasi za baba za kazini. Kati ya kikombe kuanguka na neno la kwanza kutoka kinywani kuna nafasi fupi mno, isiyotosha kukumbuka mahubiri yoyote. Kinachojitokeza hapo ni kile ambacho baba amekizoea. Kama amejizoeza kunyamaza kidogo kabla ya kusema, atachukua kitambaa na kumwambia mtoto, "Njoo tufute." Kama hajajizoeza, atasema maneno ambayo mtoto atayakumbuka kuliko yeye.

Waswahili husema samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo hutajwa sana tunapozungumzia malezi. Ni kweli, lakini wazazi nao bado wanakunjwa. Paulo anapowaandikia Wakolosai kwamba wajivike "moyo wa rehema, utu wema, unyenyekevu, upole, uvumilivu", hawaambii watoto peke yao. Na mistari michache mbele anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Baba aliyekwisha kufoka asubuhi, akarudi jioni, akainama na kusema, "Mwanangu, asubuhi nilikukosea, nisamehe," amemfundisha mtoto unyenyekevu kwa namna ambayo hakuna somo la dini linaloweza kuifikia. Wazazi wengine huogopa kwamba kuomba radhi kutawashushia heshima. Mimi sijaona mtoto aliyemdharau mzazi kwa sababu hiyo.

Adui mkubwa wa fadhila nyumbani, kwa maoni yangu, ni masimango. Mke anakumbushwa nani alilipa nini. Mume anakumbushwa alikotolewa. Mtoto anaambiwa kila anapokosea jinsi alivyosomeshwa kwa taabu. Wema wote uliotendwa unageuka kuwa fimbo. Katika 1 Wakorintho 13 tunasoma kwamba upendo "huvumilia, hufadhili", na mara baada ya hapo kwamba "hauhesabu mabaya". Na mtu anayesimanga ana hesabu mbili: ya mabaya aliyotendewa na ya mema aliyotenda.

Hata hivyo, kutohesabu mabaya si kufumbia macho dhuluma. Uvumilivu ni fadhila, na haki pia ni fadhila. Anayepigwa nyumbani mwake hatakiwi kuambiwa avumilie kwa jina la Kristo, bali asaidiwe kuwa salama. Busara ndiyo inayopambanua udhaifu wa kubebwa na uovu wa kukomeshwa, na ndiyo maana walimu wa kale waliiweka mbele ya zile nyingine tatu.

Kuna wakati maana zile mbili za fadhila hukutana. Mama aliyezeeka na kupoteza kumbukumbu anamuuliza binti yake, kwa mara ya nne ndani ya saa moja, leo ni siku gani. Binti anaacha anachokifanya na kumjibu kwa sauti ileile ya mara ya kwanza: "Leo Jumanne, mama." Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 5:4, unasema watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuyatenda yaipasayo dini katika nyumba zao wenyewe, "na kuwalipa wazazi wao". Binti analipa fadhila, kama tunavyosema kila siku, na wakati huohuo anazidi kuwa mtu mwenye fadhila. Mama hatakumbuka kwamba alijibiwa, na baada ya muda mfupi atauliza tena.