Asiyetumiwa rasimu hawezi kuihakiki

Mimi ni mtakwimu wa tafiti za afya mkoani Kigoma, na kila ninapofungua makala ya tiba macho yangu huanzia kwenye mstari wa majina, kabla hata ya matokeo. Katika taaluma yetu, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi na uandishi, la mwisho ni la kiongozi aliyeisimamia, na yaliyo katikati ndiyo wasomaji wengi huyaruka.

Mstari huo umerefuka mno. Jaribio la GUSTO la mwaka 1993, lililolinganisha tiba za kuyeyusha damu iliyoganda kwa wagonjwa 41,021 wa mshtuko wa moyo, lilihesabiwa kuwa na waandishi 972. Urefu huo una sababu ya haki, kwa kuwa hakuna hospitali moja inayoweza kuwapata wagonjwa wote hao, lakini orodha ndefu ni maficho mazuri pia. Humo hujipenyeza yule ninayemwita mwandishi hewa, ndugu wa damu wa mfanyakazi hewa: mkuu ambaye hajaisoma rasimu, ila jina lake halikosi.

Upande wa pili yuko mteknolojia wa maabara wa Kibondo au Kasulu, aliyesoma slaidi za malaria msimu mzima kisha akaishia kwenye aya ya shukrani. Waliomweka huko hujikinga kwa vigezo vya ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba iliyoanzia Vancouver mwaka 1978: mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na, tangu 2013, akubali kuwajibika kwa kazi yote. Hakuandika, wanasema, basi si mwandishi. Wanachokiruka ni maelekezo ya kamati hiyohiyo kwamba aliyetimiza kigezo cha kwanza apewe nafasi ya kutimiza vilivyobaki, na kwamba vigezo visigeuzwe mbinu ya kumwengua mtu kwa kumnyima nafasi hiyo.

Yamenikuta mwenyewe. Niliwahi kuchambua data ya mradi wa ushirikiano na chuo kimoja cha ng'ambo, na habari za makala kuchapishwa nikazipata kwa rafiki. Tangu hapo siigusi data kabla hatujaandikiana nani atakuwa wa kwanza, nani wa mwisho, na rasimu itamfikia nani, lini.

Katika kikao cha namna hiyo Uvinza, muuguzi wa zahanati aliuliza kama rasimu itakuja kwa Kiingereza kitupu. Hatukuwa tumelifikiria. Tuliongeza kifungu: kabla ya makala kutumwa jaridani, tutakaa nusu siku tuipitie kwa Kiswahili, jedwali kwa jedwali, na marekebisho yatakayotolewa pale yataandikwa pamoja na jina la aliyeyatoa.