Vyakula Vibichi Havikazi Ngozi Iliyolegea

Wengi huamini kwamba anayepunguza uzito kwa matunda na mboga mbichi pekee halegei ngozi, eti vimeng'enya (enzaimu, vichocheo vya kikemikali) vya chakula kisichopikwa huenda moja kwa moja kuikaza. Vimeng'enya hivyo ni protini, na tumboni husagwa kama protini ya maharage. Ngozi hulegea kwa kuwa nyuzi za kolajeni na elastini, protini zinazoipa ngozi uimara na uwezo wa kujirudi, zimeharibika baada ya kuvutwa na mafuta kwa miaka mingi. Umri, sigara na wingi wa kilo zilizopungua ndivyo vinavyoamua kwa kiasi kikubwa kama itajirudi. Tena mlo mbichi wenye protini haba hupunguza misuli, hata mtu akiinua mkono kuanika nguo, ngozi ya chini ya mkono huo huning'inia zaidi. Vitamini C ya mapera husaidia kutengeneza kolajeni, lakini haiondoi ngozi iliyokwisha kutanuka.