Hesabu safari kabla ya vyumba: kuchagua mtaa Mtwara ukihamia na familia

Mwezi wa tano mama mmoja muuguzi alinipigia simu kutoka Singida. Barua ya uhamisho alikuwa nayo mkononi, ana watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili. Dalali alishamtumia picha za nyumba iliyoko Naliendele: vyumba vitatu, vigae, uzio, na kodi ya chini kuliko aliyozoea. "Kaka, nilipie isije ikachukuliwa?" Nikamuuliza kituo chake kipya ni Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ni ya Kanda. Basi nikamwomba asitume hata shilingi. Hospitali ya Kanda iko Mitengo, upande wa Mikindani. Naliendele iko barabara ya Newala. Kila zamu angekuwa anavuka manispaa nzima.

Kazi yangu ni mipango miji, na kila mwaka nazungumza na familia za namna hii: walimu, wauguzi, watu wa bandari, watu wa kiwanda cha saruji. Karibu wote wameambiwa maneno yaleyale: "Mtwara mji mdogo, popote utakapokaa ni karibu." Maneno haya yamewagharimu watu fedha na usingizi.

Mtwara ina watu wachache ukilinganisha na Dar, lakini imetawanyika, na sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huku kusini, na mji huu ukachorwa uwe na bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Barabara zikapimwa pana, maeneo yakaachiwa nafasi kubwa kusubiri watu. Mwaka 1951 mpango wa karanga ukaachwa. Reli nayo iling'olewa miaka ya mwanzo ya sitini, na leo tumebaki na kata inayoitwa Reli. Sisi tunaishi ndani ya mchoro wa mji uliotarajiwa kuwa mkubwa zaidi, ndiyo maana kati ya mtaa na mtaa unakuta mapori na mikorosho. Mikindani iko kama kilomita kumi kutoka katikati ya mji.

Kwa hiyo chukua karatasi, uandike safari za Jumanne ya kawaida. Nani anaamka kwanza? Nani anapeleka mtoto shule, na nani anamchukua? Mwenye zamu ya usiku anarudi na nini? Tuseme safari zenu za kulipia ni nne kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni safari 88 kwa mwezi. Zidisha kwa nauli ya bodaboda au bajaji utakayoambiwa na watu wa mtaa huo wenyewe, kisha jumlisha na kodi. Nyumba ya bei nafuu mara nyingi inapanda kuizidi ile ya Chuno au Rahaleo uliyoiona ghali. Fanya hesabu hiyo pia kwa saa nne usiku, mtoto ana homa. Mtwara iko miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo usiku huo utakuja.

Jambo ninalolisisitiza hadi watu wananichoka ni barabara ya mtoto. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapita barabara kuu ya Mikindani kwenda bandarini, na msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi yanaongezeka. Nyumba ikiwa upande mmoja wa barabara hiyo na shule upande wa pili, mtoto wa miaka saba anavuka mbele ya malori hayo mara mbili kila siku. Mimi naona ni afadhali chumba kipungue. Nenda hapo asubuhi saa kumi na mbili na nusu, usimame, uangalie wenzake wanavukaje, na kama kuna mtu mzima anayewavusha.

Halafu mvua. Huku tuna msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Dalali anayekuonyesha nyumba mwezi wa nane anakuonyesha mchanga mkavu, na kila kiwanja ni kizuri mwezi wa nane. Tazama kuta za nje za nyumba za jirani: kama rangi imebadilika kwa mstari ulionyooka, chini ya dirisha, hapo maji yalisimama. Tazama kama watu wamejenga vizingiti virefu milangoni au wamepanga mifuko ya mchanga. Mtu hanyanyui kizingiti bila sababu. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, wakazi wa mabondeni na kandokando ya bahari waliambiwa wahame. Kiliishia kupiga Msumbiji, lakini siku ile kila mtu alijua nyumba yake iko juu au chini. Waulize wenyeji walikwenda wapi. Watakuonyesha kwa kidole sehemu iliyoinuka.

Kuhusu maji, usimuulize mwenye nyumba. Muulize mama anayeuza maandazi asubuhi: bomba linatoka siku gani, na lisipotoka mnachota wapi? Onja maji ya kisima kwa ulimi wako. Karibu na bahari visima vingi ni vya chumvi, utafulia lakini hutapikia chai. Umeme ni swali moja tu: LUKU ni yako peke yako au mnachangia?

Shangani ni pazuri, kuna upepo wa bahari na utulivu, ila chumvi inakula mabati na nondo za madirisha, na kodi zake ni za juu. Magomeni na Chikongola ni uswahilini kwenye uhai, soko liko karibu, na jirani atakulelea mtoto kabla hujamwomba. Ngoma za unyago zikianza wakati wa likizo hulali mapema, na mgeni anayekwenda kulalamika siku ya kwanza anajiharibia. Nenda kasalimie, toa shikamoo kwa wazee, utaalikwa. Mikindani naipendekeza kwa wanaofanya kazi Mitengo au kiwandani kule Msijute, mradi nyumba isiwe bondeni karibu na mikoko, maana mbu wa pale hawana huruma.

Kama unataka kununua kiwanja badala ya kupanga, chukua namba ya kiwanja na kitalu uende nayo mwenyewe ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya kukabidhi fedha. Mauziano ya kuandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake hayakupi hati.

Yule mama nilimshauri aje peke yake kwanza, watoto wabaki kwa bibi yao hadi muhula uishe mwezi wa sita. Shuleni akaomba uhamisho wao mapema, kwa sababu namba zao za PReM, yaani za usajili wa wanafunzi, lazima zihamishwe kwenye mfumo ndipo wapokelewe huku. Alipanga chumba kimoja kwa mwezi mmoja, akatembea Mikindani jioni kila alipotoka zamu. Nyumba ya kwanza aliikataa kwa sababu ya mstari ukutani. Ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Ya tatu ina vyumba viwili tu, na shule iko upande uleule. Amelipia miezi mitatu, na watoto walifika na basi wiki ya kwanza ya Julai.