Seli za kinga hutambaaje hadi kwenye jeraha?

Nilichomwa na mwiba wa ngege nikipara samaki Ggaba. Kesho yake kidole kimevimba, kinapwita. Usaha umetoka wapi?

Sehemu kubwa ya usaha ni neutrofili zilizokufa, yaani seli nyeupe zinazotangulia kufika penye jeraha. Zilikuwa kwenye damu, zikanasa kemikali zinazoashiria hatari, zikajipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kutambaa hadi kwa vijidudu, kwa mwendo wa mikromita 10 hivi kwa dakika. Kidole usikikamue. Wekundu ukipanda mkononi au homa ikianza, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uulizie chanjo ya pepopunda.

Zinatambaaje bila miguu?

Kwa kujibadili umbo. Nyuzi za protini iitwayo aktini hujengeka upande wa mbele na kuusukuma utando wa seli, kisha nyuma hujivuta. Ila nyuzi hizo zisiposhikana na utando, hakuna mwendo. Kazi hiyo ni ya protini za kiunzi. Ezrini na moesini huunganisha utando na aktini kama mshono unaoshika kitambaa na bitana.

Limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, ikiwa kwenye damu imejaa vinyweleo juu yake. Ikipata ishara ya kemikali, mshono hulegea kwa sekunde chache, vinyweleo hunywea, na moesini hukusanyika upande wa nyuma. Kwenye neutrofili, protini nyingine ziitwazo flotilini nazo hurundikana huko huko nyuma. Ndivyo seli inavyopata mbele na nyuma. Bila hivyo ingebaki kuhangaika papo hapo.

Protini hizi zikiwa na hitilafu?

Mwaka 2016 watafiti walieleza upungufu wa kinga unaotokana na kasoro ya jeni ya moesini. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, hivyo huwapata hasa wavulana: seli nyeupe chache, maambukizi ya kila mara. Ni nadra mno. Mtoto anayeugua ugua hapa Uganda, anza na kipimo cha VVU, lishe na hesabu kamili ya damu. Na karatasi ya maabara ikionyesha neutrofili chache kidogo, usihamaki. Waafrika wengi wenye afya tele wako hivyo, kwa maumbile tu. Mwachie daktari aisome.

Kuna dawa ya kuongeza protini hizi?

Hakuna. Seli huzitengeneza zenyewe. Zile chupa za "kuongeza kinga" zinazonadiwa kwenye teksi hazigusi moesini, hata muuzaji akiapa.